Mkanda wa Thelathini na Sita

Niliinunua kwenye soko la Daraja Kavu, Tbilisi,
kwa mwanamke aliyeuza pia vijiko vya fedha
na nishani za vita zisizo na wa kuzidai.
Zenit. Nzito kama tofali, ngozi imebanduka pembeni,
shata yake ikilia kama mlango wa jirani mwenye hasira.
Dada yangu Tamta alicheka.
Yake ilikuwa nyepesi, ya dijitali,
inajua nyuso, inajua jua,
inajua hata nani kafumba macho.

"Subira yavuta heri," nikamwambia.
"Ngojangoja huumiza matumbo," akajibu,
na kidole chake kilishabofya mara nne.

Mwaka ule nilijifunza mwanga
kama mtu anayejifunza kusoma ukubwani,
kwa kidole, kwa midomo inayotikisika.
Kila picha ilikuwa na bei, lari moja na ushei,
nami ni mfamasia, kupima ndiyo kazi yangu.
Nikaandika kwenye daftari, kama dozi:
Ukuta wa kanisa, saa tatu asubuhi,
moja ya mia na ishirini na tano, tundu nane.
Paka. Hakungoja.
Wiki mbili baadaye filamu inarudi imesafishwa,
naona nimekosea, sikumbuki wapi,
nalifungua daftari.
Ah. Kumbe kivuli.

Tamta alikosea saa tatu na dakika moja,
akajua saa tatu na dakika mbili,
na saa tatu na dakika tano
alikuwa anakosea kitu kingine, kigumu zaidi.
Nisiseme uongo: alinipita.
Wanaosema filamu ndiyo mwalimu
hawakumwona usiku, mgongo umepinda mbele ya skrini,
akifuta, akifuta, akibakiza moja,
na ile moja akiihoji mpaka chai ipoe.

Oktoba tukaenda Kakheti kuvuna zabibu.
Bibi Makvala, miaka themanini na minane,
alikata kishada cha kwanza akiwa amekaa juu ya kreti la bia
kwa sababu magoti, alisema, yamestaafu bila kumuaga.
Nilipiga polepole. Nilipiga vizuri.
Thelathini na nne. Thelathini na tano. Thelathini na sita.
Thelathini na saba, na mkanda hauishi.
Nikafurahi kama mjinga aliyezidishiwa chenji.
Arobaini.
Hapo mkono wangu ukaelewa kabla yangu.

Ulimi wa filamu haukushika kwenye gurudumu.
Siku nzima nilikuwa nazungusha hewa.
Mkanda ulikuwa ndani ya kopo lake, bikira,
haujaona zabibu hata moja.

Bibi alifariki Februari, theluji ikiwa magotini.

Zile picha zisizokuwepo nazijua zote.
Ya saba, nyigu kwenye kisu.
Ya kumi na tisa, miguu ya binamu Vakho, myekundu hadi kwenye ndama,
na mtungi wa udongo uliozikwa, mdomo wazi, ukisubiri.
Ya thelathini na moja, mikono ya Bibi mapajani
kama jozi ya glavu mtu kaisahau.
Ningeweza kukutajia tundu na kasi ya kila moja.
Daftari lipo.

Tamta alipiga elfu moja mia moja na arobaini.
Hakuwahi kuzifungua, si kwa uvivu;
alisema bado. Akasema bado tena Pasaka.
Mei akaniita, akaweka kiti cha pili.
Tulizipitia mpaka macho yakawasha.
Nyingi ni majani, nyingi ni migongo ya watu.

Ya mia sita na kumi na mbili
imeinama upande, jua limeunguza pembe,
mwalimu yeyote angeifuta.
Bibi anacheka, kichwa nyuma, jino lake moja la dhahabu wazi,
hatujui nani alisema nini.
Na nyuma yake niko mimi,
nusu ya uso nyuma ya Zenit,
kidole juu ya shata,
nangoja atulie.